Yai la Mbuni Lililokwenda Jikoni

Watoto wa Kikwajuni, sogeeni karibu. Leo sikuanzieni kwa paukwa, kwa sababu hii si ngano. Ni mambo ya kweli. Mengine yalitokea hapa hapa Unguja, mengine yanaendelea bara hadi hivi sasa, na yote yanahusu yai moja kubwa.

Ukitoka mjini ukashika njia ya Bububu, utapita Mtoni. Pwani yake yapo magofu ya jumba la Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1844 alizaliwa humo binti yake, Sayyida Salme, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani na kuhamia Ujerumani. Huko aliandika kitabu cha maisha yake, kikachapishwa mwaka 1886. Katika kurasa za mwanzo anaukumbuka ua mkubwa wa jumba la Mtoni na viumbe waliokuwa wakizurura humo bila kufungwa: tausi, paa, kanga, heroe, mabata na mbuni. Watoto wa jumba walikuwa na kazi moja waliyoipenda sana. Walikuwa wakiyaokota mayai yaliyotagwa huku na huku, hasa yale makubwa ya mbuni, na kumpelekea mpishi mkuu, naye akiwapa vitu vitamu.

Nawaza furaha yao. Yai la mbuni lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Ukilivunja, umepata chakula sawa na mayai ya kuku kama 24. Mtoto mdogo hawezi kulishika kwa mkono mmoja, atalikumbatia kifuani na kutembea pole pole.

Lakini yai likishafika kwa mpishi, habari yake imekwisha. Watu wa Mtoni walikuwa na mbuni, na kuwa na mbuni ni rahisi: unawaleta kwa chombo, unawapa ua na chakula, wanaishi. Kuwazalisha ni jambo jingine kabisa. Mimi nataka tulifuate yai lile katika njia ambayo halikupita, tuone lingehitaji nini mpaka liwe ndege.

Kwanza mjueni mwenyewe. Mbuni si ndege wa kisiwa hiki. Kwao ni mbuga kavu zilizo wazi, Serengeti, Ngorongoro, Tarangire, na ng'ambo ya mpaka huko Kenya. Hata Arabuni walikuwako, mpaka karne iliyopita bunduki na magari yalipowamaliza. Dume hufika urefu wa mita mbili na nusu na uzito wa zaidi ya kilo 100. Mabawa anayo ila hayamwinui. Riziki yake iko miguuni: ana vidole viwili tu kila mguu, na akikimbia hufikia kilomita 70 kwa saa. Jicho lake lina upana wa sentimita tano, ni kubwa kuliko ubongo wake. Kiumbe huyu ameumbwa aone mbali na akimbie mbali. Likumbukeni hilo, maana karibu kila shida ya mfugaji inatoka hapo.

Huko mbugani kiota chake ni shimo fupi ambalo dume hulikwangua mchangani. Jike mkuu hutaga humo yai moja kila baada ya siku mbili hivi. Kisha huja majike wengine, wakataga kwenye kiota hicho hicho na kwenda zao, na mwenyewe anawaacha. Miaka ya 1970 mtaalamu mmoja wa wanyama, Brian Bertram, ambaye kabla ya hapo aliwachunguza simba wa Serengeti, alikwenda Tsavo Magharibi kuvichungulia viota hivyo. Aliyatia mayai alama, akafuatilia lipi limetagwa na nani. Aligundua jambo ambalo mimi hunishangaza kila nikilifikiria. Mbuni anaweza kuatamia mayai kama 20 tu. Yakizidi, jike mkuu huyasukuma mengine nje ya kiota, na anayoyasukuma ni ya wageni. Ya kwake anayajua. Ukimpa mtu mayai yale ayatenganishe atakodoa macho mpaka achoke, lakini mbuni, mwenye ubongo ule mdogo, ni nadra kukosea.

Mtauliza kwa nini basi anawaruhusu wageni watage. Bertram alieleza hivi: mayai ya pembeni ndiyo yanayoliwa mwanzo. Fisi au mbweha akija, huanza na yaliyo nje, na ya mwenye kiota yamo katikati.

Na wezi wa mayai wana akili. Mwaka 1966 Jane Goodall, yule aliyewachunguza sokwe wa Gombe, pamoja na mumewe Hugo van Lawick, waliandika katika jarida la Nature kuhusu tumbusi mdogo mwenye manyoya meupe na uso wa manjano waliyemwona huku kwetu Tanzania. Ganda la yai la mbuni lina unene wa kama milimita mbili, na mdomo wa tumbusi huyo haulivunji. Basi huokota jiwe, akainua shingo, akalitupa juu ya yai, akaliokota tena, akatupa tena, mpaka ganda lipasuke.

Kwa hiyo yai haliachwi peke yake. Mchana huatamia jike, manyoya yake ya rangi ya udongo hayaonekani kwa urahisi. Usiku huingia dume mweusi. Wanapokezana hivyo kwa siku 42. Pengine mmesikia kwamba mbuni akiogopa huficha kichwa mchangani. Hafanyi hivyo. Anainama ndani ya kiota kuyageuza mayai kwa mdomo wake, na mtu aliye mbali huona mwili bila kichwa.

Sasa tuingie shambani. Wanadamu wamelipenda yai hili tangu zamani sana. Huko Kisese, Kondoa, zimechimbuliwa shanga zilizotengenezwa kwa ganda la yai la mbuni zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Lakini ufugaji wa kuzalisha mbuni kwa wingi ulianza juzi tu, Afrika Kusini, miaka ya 1860. Kilichowasukuma wafugaji ni unyoya. Wanawake wenye uwezo wa Ulaya na Marekani walitaka manyoya ya mbuni kwenye kofia zao na walilipa fedha nyingi. Hesabu ya mwaka 1865 ilikuta mbuni wafugwao 80 tu katika koloni lote la Rasi. Mwaka 1869 mfugaji aitwaye Arthur Douglass akafanikiwa kutengeneza mashine ya kutotolea mayai ya mbuni. Kufika mwaka 1913, mbuni wa mashambani walikuwa wamepita laki saba. Katika mji wa Oudtshoorn wenye mashamba walijenga majumba ya mawe kwa fedha ya manyoya. Mwaka uliofuata vita kuu vilianza, na tayari mitindo ilikuwa ikibadilika: magari yalishika kasi, na kofia pana yenye manyoya haikai kichwani ndani ya gari la wazi. Bei ilianguka, wengi wakafilisika. Ufugaji haukufa lakini. Siku hizi mbuni hufugwa kwa ngozi yake yenye vijidutu, na kwa nyama yake, ambayo ni nyekundu kama ya ng'ombe na ina mafuta machache. Kwa jirani zetu Kenya, mashamba ya mbuni yapo, na lijulikanalo zaidi na wageni liko Kitengela, kusini ya Nairobi.

Kilichowafikisha kutoka 80 hadi laki saba ni yai kutokwenda jikoni. Hebu tuone linakwenda wapi.

Mbuni hutaga jioni jioni. Mfugaji hangoji, huliokota siku hiyo hiyo na kuandika juu ya ganda kwa penseli tarehe na namba ya banda, ili ajue wazazi wake. Haliloweki kwenye maji. Ganda lina vitundu vidogo vya kupumulia, na maji huingiza uchafu ndani. Analifuta kavu. Kisha analiweka mahali pa baridi kiasi, siku chache, mpaka yakusanyike mengi yaingie kwenye mashine pamoja. Mbuni mwenyewe hufanya vivyo hivyo: haanzi kuatamia mpaka mayai yametimia, ndiyo maana vifaranga wake hutoka karibu kwa wakati mmoja.

Ndani ya mashine joto ni kama nyuzi 36, chini kidogo ya la mayai ya kuku. Yai hugeuzwa mara kadhaa kwa siku, kile kile alichokuwa akikifanya mama kwa mdomo. Baada ya wiki mbili hivi mfugaji huingia kwenye chumba cha giza, akaweka taa kali nyuma ya yai. Likiwa na uhai ataona kivuli kinachokua. Likiwa viza, hutolewa upesi, maana yai lililooza likipasuka ndani ya mashine huambukiza mengine.

Jambo gumu kuliko yote ni unyevu, na hapa natamani mnisikilize vizuri, kwa sababu linatuhusu sisi wa visiwani. Katika siku zile 42, yai la mbuni lazima lipoteze maji, kama asilimia 15 ya uzito wake, yapite kwenye vile vitundu na kutoka. Mbugani hewa ni kavu, maji yanatoka yenyewe. Hewa ya Unguja imejaa maji. Mnajua wenyewe jinsi chumvi ya jikoni inavyoshikana na nguo zinavyokataa kukauka wakati wa masika. Yai likiwekwa katika hewa kama hiyo, maji yake hayatoki. Kifaranga anakua akiwa amevimba, na siku ya kutoka hana nguvu wala nafasi ya kujigeuza, akafa ndani ya ganda akiwa ameshatimia. Mfugaji wa Kitengela huwa na wasiwasi juu ya mambo mengi. Mfugaji wa kwetu angeanza na hili.

Tuseme mambo yamekwenda vizuri. Siku ya 40 hivi, ukitega sikio, utamsikia akilia ndani ya yai. Mdomo wake hauna ile ncha ngumu ya kuvunjia ganda ambayo kifaranga wa kuku anayo. Analisukuma ganda kwa shingo na mguu, anapumzika, anasukuma tena. Mara nyingine huchukua saa nyingi. Mtu mwenye huruma hutaka kumsaidia, na mara nyingi msaada huo humdhuru, kwa sababu wakati ule anamalizia kukivuta kiini cha yai kiingie tumboni. Kiini hicho ndicho chakula chake cha siku za mwanzo.

Anatoka akiwa na ukubwa wa karibu kuku mtetea, na manyoya magumu yaliyosimama. Na hapa ndipo mashamba mengi yanapopata hasara. Vifaranga wa mbuni hufa kirahisi mno. Nitakwambieni sababu tatu tu, na zote zinarudi kwenye yale niliyosema: huyu ni ndege wa kukimbia katika nchi kavu iliyo wazi.

Ya kwanza ni miguu. Kifaranga hukua kama sentimita 30 kwa mwezi. Akilishwa chakula kizito akanenepa haraka, mwili huitangulia mifupa na mguu hupinda, na mbuni aliyepinda mguu haponi. Sakafu ikiwa laini ya kuteleza, miguu hutanuka kila mmoja upande wake. Kwa hiyo mfugaji humpa majani mabichi yaliyokatwa katwa pamoja na chakula cha kupimwa, na kila siku isiyo na mvua humtoa nje akimbie.

Ya pili ni tumbo. Mbuni hana meno, wala hana gole la kuhifadhia chakula alilonalo kuku. Humeza vijiwe, na firigisi yake huvitumia kusagia majani. Hiyo ni kawaida yake. Lakini kifaranga akiogopa, akihamishwa ghafla, au akikosa mzazi wa kumwiga, humeza kila anachokiona: mchanga, uzi, msumari, kipande cha plastiki. Tumbo huziba akafa na njaa huku limejaa. Wafugaji wengine huweka vifaranga wa kuku pamoja naye ili ajifunze kudonoa chakula. Wengine wana njia nzuri zaidi: huwapa vifaranga kwa mbuni wakubwa wawalee. Mbuni hukubali watoto wasio wake, na mbugani pia familia mbili zikikutana, wazazi hugombana na wanaoshinda huchukua watoto wote. Kifaranga aliye na mlezi hula hata kinyesi cha mkubwa wake. Msikunje uso. Utumbo wa mbuni ni mrefu sana na una vijidudu vya kusaga majani magumu, naye anapata vijidudu hivyo kwa njia hiyo.

Ya tatu ni maji ya mvua. Manyoya ya bata yamefungana yakawa kama koti la mpira. Ya mbuni yako huru, kila uzi peke yake, ndiyo maana yanapendeza kwenye kofia na ndiyo maana yanaloa. Kifaranga aliyeloa akapigwa na upepo wa usiku, asubuhi humkuti.

Akipita miezi mitatu, mfugaji anapumua. Sasa kinachohitajika ni nafasi. Familia moja ya mbuni wanaozalisha, dume na majike wawili, hupewa uwanja wa kama mita 50 kwa 50. Wajukuu zangu, kiwanja kimoja cha mpira pale uwanja wetu wa Mao hapa Kikwajuni kingetosha familia mbili na ya tatu kwa kubanana. Uzio wake uwe mrefu kuliko mtu na uonekane kwa mbali. Seng'enge ya miiba haifai kabisa. Mbuni akishtuka hukimbia kwa kasi yote bila kuangalia mbele, na uzio wa miiba utamchana.

Dume akikomaa, miguu na mdomo wake huwa vyekundu wakati wa kupandana. Huvimbisha shingo na kutoa mngurumo ambao mgeni hudhani ni wa simba. Siku hizo hata aliyemlea tangu yaini haingii uwanjani mikono mitupu. Mbuni hupiga teke kwa mbele, na kidole chake kikubwa kina ukucha wa kumpasua mtu. Wafugaji wa Afrika Kusini hubeba tawi refu la mti wa miiba na kumwelekezea machoni, arudi nyuma. Akitakiwa kushikwa ili atibiwe au akatwe manyoya, huvishwa mfuko mweusi kichwani, kitambaa kama mguu wa soksi. Asipoona, hutulia papo hapo. Na manyoya hayo, kwa mfugaji anayejua kazi yake, hukatwa kwa mkasi juu ya sehemu yenye damu. Kisiki kinachobaki hukauka, na baadaye huchomolewa bila maumivu. Kumnyofoa ndege manyoya mabichi ni ukatili, na hakuna unyoya mzuri kiasi cha kuuhalalisha.

Najua swali lililo midomoni mwenu: je, nasi tunaweza? Bara, kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, mbuni ni mnyamapori, na hafugwi mnyamapori bila kibali cha serikali. Huwezi kwenda mbugani ukaokota yai. Kibali kikipatikana, bado kuna ardhi. Upande wa mashariki ya Unguja mvua ni chache kidogo, lakini kumejaa mawe ya matumbawe, na ndege anayekimbia kilomita 70 kwa saa juu ya maweni atavunjika mguu siku ya kwanza. Angehitaji udongo laini ulio tambarare, na huo huku kwetu ndio unaolimwa.

Ningekuwa mimi mwenye shamba, ningetaka vifaranga wangu waanguliwe mwezi wa Juni, masika yakiwa yamekwisha. Wangepata kipupwe chote cha kukimbia wakiwa wakavu, na vuli ikiingia wangekuwa wamepita umri wa hatari. Lakini hesabuni nyuma siku 42 kutoka Juni. Mayai yangelazimika kuingia kwenye mashine mwishoni mwa Aprili, mvua ikiwa kali kuliko wakati wowote, na majike wangekuwa wakitaga katika tope. Kwa hiyo kabla ya kununua hata ndege mmoja, ningejenga paa juu ya kila kiota, chumba kimoja kisichoruhusu hewa ya nje kuingia ovyo, na ndani yake mashine ya kuikausha hewa, yenye umeme wa akiba.